Kusajili Uhamisho wa Nyumba Tanga: Tathmini ya Huduma Baada ya Kuipitia Mwenyewe

Nimenunua nyumba ya urithi Ngamiani, na safari nzima ya kuihamishia jina langu nimeifuata mwenyewe, dawati kwa dawati, bila kumkabidhi dalali jalada. Nayaandika haya kwa ajili ya mtu anayetaka kununua nyumba yenye hati hapa Tanga na hajui aanzie wapi. Hukumu yangu naitanguliza: huduma hii inalinda jina la mmiliki vizuri kuliko nilivyotarajia, lakini bei ya mauzo imeachwa mno mikononi mwa muuzaji na mnunuzi, na hilo linatuumiza sote.

Hatua ya kwanza, na ndiyo ninayoisifu kuliko zote, ni upekuzi katika daftari la msajili wa hati. Unapeleka namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, unalipia kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kisha unapewa majibu ya maandishi yanayoonyesha ni nani aliyesajiliwa, kama nyumba imewekwa rehani benki, na kama kuna mtu aliyeweka zuio. Zamani mambo haya ya Tanga yalishughulikiwa Moshi, katika ofisi ya Kanda ya Kaskazini, na mtu alipanda basi kwenda kuuliza jambo la ukurasa mmoja. Tangu 2020 Wizara ya Ardhi ilipofungua ofisi za ardhi za mikoa, kazi hiyo inafanyika hapa hapa mjini. Sikutoa hata shilingi ya arubuni kabla ya kupata karatasi ile, na ninamsihi kila mnunuzi afanye hivyo hivyo.

Karatasi ile ndiyo iliyoniokoa. Ilionyesha kwamba mmiliki aliyesajiliwa bado ni marehemu baba yake mama aliyekuwa akiniuzia. Mama huyu aliteuliwa na Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi, na aliamini kwa moyo safi kwamba uteuzi huo unatosha. Aliniambia, "Mwanangu, barua ya mahakama ninayo, na ndugu zangu wote wamesaini. Kumebaki nini tena?" Kilichobaki ni kwamba msimamizi hana budi kwanza aandikwe yeye kwenye daftari, kwa cheo chake cha usimamizi wa mirathi, ndipo aweze kumhamishia mwingine. Nyumba nyingi za Ngamiani, Makorora na Msambweni zimerithiwa vizazi viwili au vitatu bila hatua hii kufanyika, na kwa hiyo mnunuzi hukuta daftari linamtaja mtu aliyezikwa miaka mingi. Kwetu kulikuwa na tatizo la ziada, kwa kuwa hati ilikuwa na majina mawili ya marehemu na cheti cha kifo kilikuwa na matatu, hivyo tukalazimika kula kiapo mbele ya wakili kuthibitisha kwamba ni mtu mmoja.

Hapa ndipo nilipokutana na udhaifu wa huduma. Katika ofisi mojawapo niliyopitia, jalada halikuonekana kwa wiki tatu, na kila nilipokwenda niliambiwa nirudi Jumatatu. Hakuna aliyenidai chochote, na maofisa walinipokea kwa heshima, lakini mwananchi anayetoka Pangani au Muheza kwa nauli yake anastahili kuambiwa kwa simu kwamba jalada lake halijapatikana.

Wapo waliozishangaa hatua zote hizi, wakaniuliza kwa nini tusiandikishane kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa tu. Karatasi ya mtaa ina kazi yake: inaonyesha kwamba majirani wanamtambua muuzaji na mipaka ya nyumba. Haihamishi umiliki wa ardhi yenye hati. Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, uhamisho wa ardhi iliyosajiliwa haukamiliki mpaka usajiliwe, na kabla ya hapo mnunuzi ana mkataba na muuzaji, basi. Vivyo hivyo, jina lako kwenye mita ya luku halikufanyi mmiliki, ingawa kodi ya majengo imekuwa ikilipwa kupitia umeme tangu 2021.

Sasa nije kwenye bei. Msajili hapokei fomu ya uhamisho peke yake. Huja ikiwa na taarifa na maombi ya kibali cha uhamisho, ridhaa ya mke au mume pale inapohusika, stakabadhi za kodi ya pango la ardhi, ripoti ya uthamini iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, na uthibitisho wa kodi. Ushuru wa stempu ni takriban asilimia 1 ya thamani. Kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkazi ni asilimia 10, hutozwa juu ya faida, yaani tofauti kati ya bei ya kuuzia na gharama ambazo muuzaji anaweza kuzithibitisha kwa nyaraka. Watu wengi hudhani ni asilimia 10 ya bei yote, na dhana hiyo ndiyo inayowatia hofu ya kusema kweli.

Tulikubaliana shilingi milioni 68. Dalali aliyetukutanisha alipendekeza kwenye fomu tuandike milioni 40, akisema kila mtu anafanya hivyo. Nilikataa, na ninataka nieleze sababu zangu kwa urefu kwa kuwa sioni zikielezwa mahali pengine. Uthamini upo ili kuukamata udanganyifu wa namna hii, na bei iliyoandikwa ikionekana ndogo kuliko thamani iliyoidhinishwa, ni thamani ile inayotumika kukokotoa. Lakini hata kama uongo ungepita, ungekuwa umenifunga mimi. Uhamisho ukibatilishwa na nikadai fedha zangu, mahakama itaanza na maandishi niliyosaini mwenyewe, na maandishi yangesema milioni 40. Siku nitakapouza, gharama yangu inayotambulika ingekuwa milioni 40, kwa hiyo kodi aliyokwepa muuzaji ningekuja kuilipa mimi.

Lipo jingine zito zaidi, nalo linawagusa majirani. Kanuni za 2001 za kuthamini ardhi kwa ajili ya fidia zinasema thamani ni ile ya soko, na njia mojawapo ya kuipata ni kulinganisha na mauzo halisi ya karibuni ya mali zinazofanana. Hapa Tanga, tangu ulipokuja mradi wa bomba la mafuta ghafi linaloishia Chongoleani, neno fidia si geni katika nyumba zetu. Mthamini akitafuta ushahidi wa mauzo mtaani na kukuta hati za uhamisho zimeandikwa nusu ya bei iliyolipwa, atatumia nini kumtetea mwenye nyumba? Kila anayeandika bei ya uongo anashusha kipimo ambacho jirani yake atapimiwa.

Kwa sababu hiyo ninaona pengo kubwa la huduma hii ni kwamba bei haziwekwi wazi. Upekuzi ulinieleza mmiliki ni nani, lakini hakuna orodha ambayo mwananchi anaweza kuifungua ajue nyumba za mtaa wake zimeuzwa kwa kiasi gani. Uingereza na Wales bei za nyumba zilizosajiliwa tangu 1995 zinapatikana bure kwenye intaneti, zikiwa na anwani na tarehe bila majina ya wahusika. Sidai tuige kila kitu, kwa kuwa wengi wetu tungeona haya kutangaza fedha zetu; ila hata orodha ya bei kwa kata, bila namba za nyumba, ingemwondolea dalali uwezo wa kuwa yeye peke yake mwenye kujua bei.

Kazi yote ilinichukua miezi mitano, na zaidi ya nusu yake ilikuwa mambo ya mirathi na jalada. Muuzaji alilipa kodi yake, mimi nikalipa ushuru wa stempu, uthamini, ada na wakili. Ningeipitia njia hii tena bila kusita.

Wiki mbili baada ya kuchukua hati, mzee anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwangu alikuja kubisha hodi. Wanawe wanataka kuuza, na dalali amemwambia nyumba za upande huu hazizidi milioni 45. Nilimkaribisha kibarazani, nikamletea nakala ya hati ya uhamisho, nikamwonyesha mstari wenye tarakimu. Aliusoma mara mbili, akaniomba kalamu, akaandika nyuma ya bahasha yake: 68.