Biti ya ngazi ya dhahabu, na muuzaji aliyeniambia sina mkono

"Fundi, biti haina shida. Wewe ndiye huna mkono." Nilijibiwa hivyo dukani, nilipolalamikia biti yangu ya kutobolea chuma, mbele ya wateja wengine, na muuzaji ambaye hata hakuinua biti kuitazama kwenye mwanga. Siku zimepita, lakini nikikumbuka damu bado inachemka.

Kazi ilikuwa kutoboa matundu ya swichi za kubonyeza kwenye mlango wa boksi la umeme, bati la 1.5 mm. Biti ya kawaida sikutaka hata kuisikia. Kwenye bati jembamba ncha yake hutokea upande wa pili kabla mabega (upana wake wote) hayajaingia, ikakosa cha kuiongoza, na tundu likatoka la pembe tatu kama limetafunwa. Ikinasa, bati linazunguka nayo. Limewahi kunichana kiganja, kwa hiyo siku hizi nalibana juu ya ubao, silishiki kwa mkono. Ndiyo maana nikanunua biti ya ngazi, yenye umbo la koni na ngazi zinazoongezeka kipimo moja baada ya nyingine, ile inayong'aa kama dhahabu.

Matundu mawili ya kwanza yalinifurahisha, siwezi kukataa. Ukifika kipimo chako, unagusisha kidogo tu ngazi inayofuata; inakwangua ukingo na kidole kinapita bila kukwaruzwa. La tatu ikaanza kulia. La nne haikukata tena, ilisugua tu: moshi, bati likageuka buluu, na upande wa chini yakasimama menomeno ya kuchana waya wowote utakaopita pale. Jioni nzima nimeimaliza na tupa ya nusu duara. Matundu manne! Kwenye bati la kawaida, wala si stenlesi!

Ile dhahabu ni utando mwembamba wa naitraidi ya titani. Biti ikiwa ya chuma kizuri unasaidia, ikiwa ya chuma laini ni rangi ya kuvutia macho tu.

Sawa, kasi niliiweka juu. Kila mzunguko, ukingo wa ngazi ya 20 mm husafiri mara tano ya ule wa 4 mm, hivyo kadiri unavyopanda ndivyo unavyotakiwa kupunguza mwendo, nami sikupunguza. Mafuta niliweka kwenye tundu la kwanza tu. Pengine muuzaji alikuwa na haki kidogo. Lakini basi si angeniuliza? Kasi gani, mafuta gani, bati gani? Hakuuliza hata moja. Na biti yangu ya zamani, isiyo na rangi yoyote, nimeiendesha hivyohivyo na matundu yake sikumbuki hesabu. Hapana, haki hana.

Mlango wa pili nikaazima panchi ya kuvuta kwa fundi mwenzangu. Unatoboa tundu dogo la kupitisha bolti, kikombe upande mmoja, kisu upande wa pili, unakaza kwa spana mpaka usikie "tak". Tundu duara kabisa, ukingo safi, na karibu hakuna vumbi la chuma la kumwagikia vifaa vilivyokwisha fungwa ndani ya boksi. Tena ile ya 22.5 mm inatoa tundu linaloingia swichi ya 22 mm moja kwa moja, wakati ngazi zangu zinaruka kutoka 22 hadi 24, nami nilikuwa namalizia nusu milimita kwa tupa.

Kwa hiyo msinunue biti za ngazi. Hapana, nimezidisha. Panchi moja ni kipimo kimoja, na kazi ya matundu matano ya vipimo vitano huwezi kuimaliza kwa panchi moja. Biti ya ngazi ninayo na nitaendelea kuwa nayo, ila ile isiyo na rangi.

Ya dhahabu ipo mezani. Nimekata kipande cha bati na kukitoboa tena, polepole, mafuta kila tundu. Tundu la kwanza kabisa tayari limetoka na menomeno yaleyale. Kesho nakipeleka dukani, akipitishie kidole chake mwenyewe.