Taurus SHO, SRT-4 na Cobalt SS: Magari ya Kasi Yaliyokosa Msemaji

Ukitaja gari la kasi la Kimarekani, watu wengi hufikiria Mustang, Camaro au Corvette, yaani injini kubwa na nguvu inayopelekwa magurudumu ya nyuma. Ukitaja gari la kasi linalovutwa na magurudumu ya mbele, watakujibu Honda Civic Type R au Volkswagen Golf GTI. Katikati ya makundi hayo kuna magari ambayo mashabiki wa kundi la kwanza hawakuyatambua kama ndugu, na wa kundi la pili waliyadharau kwa sababu yametoka Detroit, makao ya kampuni kubwa za magari za Marekani. Nimeishi miaka mingi katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, ambako chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi hula vyuma bila huruma, na magari haya ndiyo magari ya kasi ambayo vibarua, wanafunzi na wahamiaji wenzangu waliweza kuyanunua kwa mshahara wa kawaida. Nitayaeleza matatu, na nitakaa zaidi kwenye lile ninalolipenda kuliko yote, Ford Taurus SHO.

Asili ya magari haya ni shida ya mafuta. Baada ya misukosuko ya 1973 na 1979, kampuni za Detroit zililazimika kutengeneza magari mepesi, na njia ya haraka ya kupunguza uzito bila kuwanyima abiria nafasi ilikuwa kuikingamisha injini chini ya boneti na kuacha magurudumu ya mbele yavute. Chrysler, iliyonusurika kufilisika kwa dhamana ya mikopo ya serikali, ilijenga karibu magari yake yote madogo juu ya mfumo huo. Hapo ndipo Carroll Shelby, yule yule aliyeunda gari la michezo la Cobra, alipoichukua Dodge Omni, kigari cha kwendea sokoni, akaifunga tabo, yaani kifaa kinachoendeshwa na moshi wa injini na kusukuma hewa zaidi ndani yake ili kuongeza nguvu. Toleo la mwisho la 1986, lililoitwa GLHS, lilikuwa na nguvu za farasi 175, na yalitengenezwa 500 tu. Sijawahi kuliendesha, kwa hiyo nalitaja kwa heshima na kupita.

Taurus ya kawaida ilikuwa gari la familia, na injini yake ya V6 ya lita 3.0 ilitoa nguvu za farasi 140, kiasi kinachotosha kumpeleka mhasibu kazini. Toleo la SHO (Super High Output, yaani nguvu kubwa zaidi), lililoingia sokoni kama gari la mwaka 1989, lilikuwa na injini ya ujazo ule ule wa lita 3.0, ila hii ilibuniwa na kutengenezwa na Yamaha huko Japani: kamshafti nne (mihimili inayofungua vali), vali 24 za kuingiza hewa na kutoa moshi, na nguvu za farasi 220. Wasomaji wanaoijua Altezza RS200 au Mark II yenye injini ya 1JZ wataelewa haraka, kwa kuwa Yamaha hao hao walishirikiana na Toyota kwenye vichwa vya injini hizo. Giaboksi ilikuwa ya gia tano za mkono, na kwa miaka minne ya mwanzo hapakuwa na otomatiki hata kwa aliyekuwa tayari kuongeza pesa. Majarida yaliyolipima yalilikuta likifika maili 60 kwa saa chini ya sekunde saba, na mwendo wake wa mwisho ulikuwa karibu maili 143 kwa saa, yaani kilomita 230, katika saluni yenye nafasi ya watu watano na mizigo yao.

Jamaa niliyefanya naye kazi alikuwa na SHO nyeusi ya kizazi cha kwanza, na hakumruhusu mtu kupanda kabla ya kumfungulia boneti. Nilipoiona injini ile nilielewa kwa nini. Mabomba 12 ya alumini, mawili kwa kila silinda, yanapinda kwa mpangilio kutoka upande huu wa injini hadi ule, na kila silinda ina bomba moja refu na moja fupi. Kwenye mwendo wa chini injini huvuta hewa kupitia yale marefu, ambayo huipa nguvu ya kuondokea. Ikikaribia mizunguko 4,000 kwa dakika, vilango vya mabomba mafupi hufunguka, sauti inabadilika ghafla kutoka mngurumo wa kawaida hadi ukali wenye mpangilio, na gari linaendelea kuvuta hadi 7,000, wakati V6 nyingi za Kimarekani za enzi hizo zilikuwa zimekata tamaa kabla ya kuvuka 5,000. Ukikanyaga mafuta kwenye gia ya pili, usukani unavutwa pembeni kidogo, kama ilivyo kwa magari mengi yenye nguvu magurudumu ya mbele, lakini unadhibitika kwa mikono miwili na akili timamu. Mtu wa nje hajui lolote. Hakuna bawa kubwa la nyuma, hakuna mistari ya rangi, na herufi za SHO kwenye bampa la nyuma zimechorwa kwa kuinuliwa juu ya plastiki ya rangi ile ile, kwa hiyo huzioni mpaka usogee karibu sana.

Kasoro zake si siri. Mkono wa gia wa magari ya mwanzo unakwamakwama, klachi haikuwa na uimara uliolingana na injini, na breki, ingawa ni za diski pande zote nne, huchoka upesi kwa gari la uzito na kasi hiyo. Mkanda wa taimingi, unaozungusha kamshafti, unapaswa kubadilishwa kila maili 60,000, na fundi mwenye busara hubadilisha pampu ya maji hapo hapo, kwa sababu kihisio cha krenki, kinachoiambia kompyuta injini inazungukaje, kimekaa jirani na pampu, na pampu ikivuja kihisio huloa na injini huzima bila taarifa. Kuanzia 1993 otomatiki ikaruhusiwa, ikiwa na injini ya lita 3.2 yenye nguvu zile zile 220, na kwa maoni yangu hapo ladha ilianza kupungua. Kizazi cha 1996 hadi 1999 kilipewa V8 ya lita 3.4 na otomatiki peke yake. Gia za kamshafti za injini hiyo zina tabia ya kulegea kwenye mhimili na kuvunja vali, na wenye magari hayo huzichomelea kabla maafa hayajatokea. Kama unatafuta SHO, tafuta ya V6 yenye gia za mkono, kisha lala chini yake na tochi uangalie kutu kabla ya kusikiliza injini, maana ukiisikiliza kwanza hutaangalia tena.

Dodge SRT-4 ya 2003 hadi 2005 ni mtoto wa tabia tofauti kabisa. Ilitengenezwa Belvidere, Illinois, kwenye mwili wa Neon, gari ambalo kampuni za kukodisha zilikuwa zikilitoa kwa wateja wasio na haki ya kuchagua. Injini ni ya silinda nne, lita 2.4, na tabo. Kampuni ilitangaza nguvu za farasi 215 mwaka wa kwanza na 230 baadaye, ila waliolipandisha kwenye mashine ya kupimia walishangaa kukuta nguvu zinazokaribia tarakimu hiyo zikiwa tayari zimefika magurudumuni, ilhali tarakimu ya kampuni hupimwa kwenye injini, kabla sehemu ya nguvu haijapotea njiani. Waliolibuni walijua pesa iende wapi. Vioo vya mbele ni vya umeme, vya nyuma unazungusha kwa mkono. Bomba la moshi halina sailensa kamili, ila vipoza sauti viwili tu, na kila ukiachia mafuta linatema milio inayoamsha mtaa. Gari la mwaka wa kwanza, ukilikanyaga kwenye barabara yenye maji, gurudumu moja la mbele huzunguka bure. Mwaka 2004 likapewa difu (gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu) ya kampuni ya Quaife inayopeleka nguvu kwenye gurudumu lenye mshiko, na tofauti yake kwenye kona unaisikia mikononi. Ukitaka la kununua, chukua la 2004 au 2005. Tatizo halisi ni wamiliki waliotangulia, kwani wengi waliongeza presha ya tabo wenyewe, na kupata lisilochezewa kunahitaji subira. Halikutengenezwa lenye usukani wa kulia, kwa hiyo walioko Nairobi na Dar es Salaam hawajapata nafasi ya kulijaribu barabarani kwao.

Kwa anayetaka gari la kuendesha kila siku, na apige kona kwa fujo siku ya mapumziko, jibu langu ni Chevrolet Cobalt SS ya 2008 hadi 2010, iliyotoka kiwanda cha Lordstown, Ohio. Ile ya kabla yake, yenye supachaja (kifaa cha kusukuma hewa kinachozungushwa na injini yenyewe) na nguvu za farasi 205, ni ya kawaida tu. Hii ya tabo ina lita 2.0, nguvu za farasi 260, na breki za mbele za Brembo, kampuni inayosifika kwa breki za magari ya kasi. Unaweza kupandisha gia bila kuondoa mguu kwenye mafuta, na kompyuta inashika mizunguko isipite kiasi huku tabo ikibaki imejaa. Mwaka 2008 mhandisi wa General Motors, John Heinricy, aliizungusha Nürburgring, njia maarufu ya mashindano huko Ujerumani, kwa dakika 8 na sekunde 22.85, muda ambao magari ya bei mara mbili yake yangejivunia. Ndani, plastiki za dashibodi ni za kusikitisha, na viti vya nyuma ni vya watoto au maadui. Ukilipata, kabla ya kulipa hakikisha kwa namba ya chesisi kwamba swichi ya kuwashia ilibadilishwa, kwa sababu Cobalt zilikuwa miongoni mwa magari yaliyorudishwa kwa matengenezo mwaka 2014 baada ya swichi hizo kubainika kuwa zinaweza kujizima gari likiwa mwendoni.