Spilinti ya meno: “Utazoea, mama”

Utazoea, mama! Neno hili limenikaa rohoni kuliko hata taya lenyewe, na aliyeniambia ni kijana wa kliniki moja hapa Tanga mjini, macho yake yako kwenye simu.

Mie nasaga meno usingizini, mpaka mume wangu anahamia sebuleni. Wakanitengenezea spilinti, ile plastiki ngumu ya kuvaa usiku kwenye meno ya juu. Siku ya kuichukua, “vaa ulale”, basi. Hakuna aliyetaka hata nigonge meno aone. Usiku uleule nikajua mambo si mambo: gego la kulia linafika kwanza, kushoto kunapita upepo. Ikawa kila asubuhi naamka shavu la kulia limekaza kama jiwe, panja la upande huo linavuta. Mihogo ya kukaanga ya Ngamiani nikawa naitazama tu.

Nikarudi. Hakuniambia hata nifungue mdomo. “Utazoea, mama, misuli itajipanga yenyewe.”

Ijipangeje, wewe? Kazi ya kidude hiki ni kugusana na meno ya kulia na ya kushoto kwa pamoja, misuli ya pande zote mbili ibane kwa nguvu zinazokaribiana. Kikiguswa upande mmoja, misuli inavutana ovyo. Na kurekebisha si kazi ya ajabu: unaweka karatasi ya rangi, mtu anagonga meno, penye doa zito unapakwangua, anagonga tena. Karatasi! Hana hata karatasi, na pesa yangu kashaila.

Hapo nilishaapa nitawaandikia kwamba spilinti ni wizi mtupu. Sasa sijui niseme nini, maana daktari mmoja mama mtu mzima kwingineko aliitia karatasi, akakwangua, kisha akaniwekea vidole mashavuni na kwenye mapanja: “Bana. Achia. Bana.” Anasikiliza misuli kama inavimba sawa huku na huku. Shavu limelegea, wallahi. Kusaga bado nasaga. Mwenyewe alinieleza kwamba kifaa kinakinga meno, kuacha kusaga ni habari nyingine.

Kwa hiyo kifaa nakipa nyota nne. Tatu, maana mto unaamka umelowa mate. Kliniki ile sifuri, na hela yangu ya marekebisho naitaka.