Cover Your Tracks: Huduma Inayokuonyesha Jinsi Kivinjari Kinavyokuanika

Kwa miaka mingi niliamini kwamba ukifuta vidakuzi (faili ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye kivinjari ili zikukumbuke) na kufungua dirisha fiche, lisilohifadhi historia yako, tovuti haikujui tena. Imani hiyo iliniisha siku nilipofungua Cover Your Tracks, huduma ya bure ya shirika la Electronic Frontier Foundation la Marekani, iliyoanza mwaka 2010 kwa jina la Panopticlick na kupewa jina la sasa mwaka 2020.

Hakuna kujisajili wala kupakua chochote. Unabonyeza kitufe kimoja, unasubiri kidogo, kisha unasomewa yote ambayo kivinjari chako hutoa bila wewe kuulizwa: aina na toleo lake, vipimo vya skrini, fonti zilizomo, kadi ya picha, saa za eneo lako. Kilichonishtua zaidi ni mchoro. Tovuti huweza kukiamuru kivinjari kichore maandishi na rangi mahali usipopaona, na kwa kuwa mashine hutofautiana kidogo katika uchoraji huo, matokeo yake hugeuka alama ya kukutambulisha, alama isiyofutika kwa kufuta vidakuzi.

Kila sifa hupimwa kwa biti, kipimo cha kiasi cha taarifa: zikiwa nyingi, sifa hiyo ni adimu zaidi. Biti 10 maana yake ni kwamba kivinjari kimoja tu katika takribani 1,000 kinayo. Mstari wa lugha ndio nilioutazama kwa muda mrefu. Kivinjari changu nimekiweka kwa Kiswahili, nacho huitangazia kila tovuti herufi "sw", na mahali ambapo walio wengi wametumia Kiingereza, herufi hizo mbili zinanitoa kwenye umati. Inaniuma kwamba lugha yangu inanifanya niwe rahisi kufuatiliwa, lakini sitaibadilisha.

Kasoro ipo. Unalinganishwa na watu waliojipima humo siku za karibuni, ambao wengi wao bila shaka tayari wanajali faragha, kwa hiyo tarakimu zake zisichukuliwe kuwa za dunia nzima. Maelezo ya Kiswahili pia hayapo.

Nilirudia kipimo kwenye kompyuta kwa Tor Browser, kivinjari cha kulinda faragha kilichoundwa ili watumiaji wake wafanane. Vipimo vya dirisha vikawa vya mamia kamili, na saa za eneo zikasomeka sifuri, yaani saa za kimataifa (UTC), badala ya saa tatu mbele za hapa Mombasa. Kurasa hufunguka polepole kwa kuwa mawasiliano hupitia seva tatu, hivyo nimekitenga kwa ajili ya kusoma mambo ya afya yangu.