Tuta la Maua la Mafundi wa Bustani: Tathmini Baada ya Msimu Mzima

Nimelitazama tuta hili kwa msimu mzima kabla ya kuandika, kwa kuwa tuta jipya hupendeza siku ya kwanza hata likiwa limetengenezwa vibaya. Mafundi walifanya kazi kwa siku mbili, na mpangilio wao nausifu bila kusita. Kwa vile tuta limeegemea ukuta, walipanda kana na dalia nyuma, salvia katikati na petunia mbele, zikatambaa hadi ukingoni, na hakuna ua lililofunika jingine. Upana nao ulipimwa kwa busara: naweza kupalilia hadi kwenye mashina ya kana bila kukanyaga udongo, jambo ambalo wengi hulisahau.

Kasoro iko chini. Katika mwezi wa pili majani ya petunia yalianza kugeuka manjano, nikang'oa mche mmoja nione kulikoni. Mizizi ilikuwa bado imejiviringisha kwa umbo lile lile la kikopo ilimooteshwa. Nilipochimba kwa sepetu nilikuta sentimita 10 tu za udongo mweusi wenye mboji, na chini yake mfinyanzi ulioshindiliwa ambao haukuguswa na jembe. Maua ya msimu huhitaji udongo uliotifuliwa hadi sentimita 30 hivi, na waridi huhitaji kina zaidi. Pasipo hivyo maji hutuama juu ya tabaka gumu na mizizi hukosa hewa.

Sikukubaliana pia na kitambaa cha plastiki kilichotandikwa chini ya matandazo ili kuzuia magugu. Mbegu za magugu huletwa na upepo na ndege, kwa hiyo ziliota juu yake, zikapenyeza mizizi katika nyuzi zake, na kila nilipong'oa gugu kitambaa kilichanika. Kana, ambayo huongezeka kwa kutoa machipukizi kandokando, ilibanwa. Nilikuta chipukizi jeupe limejikunja chini ya kitambaa likitafuta mwanga. Matandazo yenyewe ni mazuri, ila yalirundikwa hadi kwenye mashina, nikayasogeza kwa mkono.

Nilipowaita walirudi bila ubishi, wakaondoa kitambaa chote, wakatifua nusu ya tuta kwa kina na kuchanganya mboji. Zinia zilizopandwa katika nusu hiyo sasa zinanifika kiunoni. Nusu ya pili bado inangoja, na safari hii nimewaomba wanionyeshe udongo uliochimbwa kabla mche wowote haujapandwa.