Miezi tisa na taa za LED nyumbani: uzoefu wangu

Nyumba yetu ya Njiro, Arusha, ilijengwa mwaka 1998, na hadi Oktoba iliyopita ilikuwa bado inatumia tyubu sita za futi nne, zile zenye choki (kifaa cha kudhibiti umeme wa tyubu) inayonguruma na stata ambayo ni lazima uizungushezungushe kidogo kabla taa haijakubali kuwaka. Nilizibadilisha zote kwa tyubu za LED za wati 18, na vyumba vilivyobaki nikaweka balbu za LED za wati 9.

Tyubu ya zamani huandikwa wati 36, lakini choki nayo hula umeme wake, hivyo nilikadiria wati 45 kwa kila moja. Fundi alitaka kuziacha choki mahali pake ili amalize kazi mapema. Nilimwomba azitoe, kwa kuwa sikuona maana ya kununua taa ya kubana matumizi na kuiachia kifaa kinachoendelea kula pembeni. Kwa saa tano za kila usiku, tyubu hizo sita zimenipunguzia takriban uniti 24 kwa mwezi, yaani kama shilingi 8,600 kwa bei ninayolipa ya shilingi 356 hivi kwa uniti, kodi na tozo zikiwamo. Tyubu na ufundi vilinigharimu shilingi 68,000, kwa hiyo ni mwezi huu wa Juni ndipo nimeanza kuonja faida. Nimefurahia pia kwamba jioni umeme unapopungua nguvu, taa hizi haziyumbi, ilhali zile za zamani zilikuwa zikipepesa hadi unakata tamaa ya kusoma.

Kilichonishtua ni balbu ya korido. Usiku wa kwanza niliizima, nikaona imebaki na mwanga hafifu, kama kaa lililofunikwa majivu. Nilidhani ni mbovu, nikaweka nyingine, ikawa vilevile. Fundi alifungua swichi, akagusisha testa, akaniita nije nione mwenyewe: swichi ilikuwa inakata nyutro (waya wa kurudisha umeme) badala ya laini (waya unaoleta umeme), na umeme kidogo uliokuwa ukipenya ulitosha kuiamsha LED, ingawa usingeweza kuiwasha balbu ya zamani. Maana yake ni kwamba miaka yote hiyo nimekuwa nikipanda juu ya stuli kubadilisha balbu, swichi ikiwa imezimwa, nikiamini holda haina umeme, kumbe umo. Nyaya zilirekebishwa kwa robo saa na balbu ikazimika kabisa.

Sikuridhika na mambo mawili. Balbu mbili za bafuni, zilizomo ndani ya kifuniko cha kioo kilichozibwa pande zote, zilikufa katika mwezi wa saba tangu ziwekwe, ingawa boksi liliahidi saa 15,000. Joto halina pa kutokea humo, na ndilo huua sakiti ya LED. Muuza duka alinidai risiti pamoja na boksi, na boksi nilikuwa nimeshalichoma. La pili ni rangi: mwanga mweupe wa kelvini 6500 unafaa jikoni, lakini sebuleni tulionekana kama wagonjwa wanaosubiri dripu, nikalazimika kununua upya za kelvini 3000, zenye mwanga wa manjano.

Kwa yeyote anayetarajia taa peke yake zishushe matumizi ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) kwa kiasi kikubwa, naona ni haki nimweleze nilichokiona kwenye rimoti ya mita nilipoandika uniti kila jioni kwa wiki mbili. Tyubu zote sita sasa hazifiki hata uniti moja kwa usiku, ilhali hita ya kuogea ya kilowati 5.5, watu watano wakioga dakika sita sita, inakula uniti 2.75, karibu shilingi elfu moja kila siku. Hita hiyo bado ipo. Julai ya Arusha inakuja, na humu ndani hakuna anayetaka kulisikia pendekezo langu la kuiondoa.