Vipande vya asidi ya fomiki dhidi ya varoa: mizinga miwili, siku 14

Nafuga nyuki Ohio, mizinga miwili nyuma ya nyumba. Nimekulia Tabora kwenye mizinga ya magogo, na kule sikuwahi kuona mzee akitia dawa mzingani. Huku hakuna namna. Varoa, utitiri anayeshambulia nyuki, aligunduliwa Marekani mwaka 1987, na nyuki hawa wa asili ya Ulaya hawamwezi. Utitiri huyu huzaliana ndani ya chemba za sega zilizozibwa, akimnyonya jana (mtoto wa nyuki) humo humo, na hueneza virusi vinavyofanya nyuki atoke na mabawa yaliyosinyaa.

Agosti nilipima. Unachota nusu kikombe cha nyuki, kama 300 hivi, unawatikisa kwenye spiriti, kisha unahesabu. Mzinga wa kwanza ulitoa utitiri 14, wa pili 11. Wengi huku hutibu wakifika 3 kwa kila nyuki 100, basi nikaagiza dawa.

Nilichagua vipande vya fomiki, vinavyokaa mzingani vikitoa mvuke, kwa sababu mvuke huo hupenya kifuniko cha chemba na kumfuata utitiri alikojificha. Asidi ya oksaliki, dawa nyingine ya varoa, haifiki huko. Tena fomiki haibaki kwenye nta. Dawa nyingine kama fluvalineti na kumafosi hunasa kwenye masega miaka na miaka, na kumafosi imeonekana kudhoofisha malkia pamoja na mbegu za madume. Amitrazi nayo ipo, dawa ile ile ya kupe tunayoijua kwenye josho la ng'ombe, ila hukaa mzingani wiki 6 hadi 8 na fremu za asali ya kuvuna lazima uzitoe kwanza. Zangu zilikuwa bado hazijajaa.

Ukifungua pakiti vaa barakoa na glavu. Harufu inapanda puani mpaka machozi yanatoka.

Maelekezo yanataka joto la mchana lisizidi nyuzi 29.5, hasa siku 3 za mwanzo. Utabiri ulisema 28. Siku ya pili ikafika 33.

Mzinga wa kwanza ulikuwa juani. Jioni ile karibu kundi zima lilikuwa nje, limening'inia mbele ya mzinga kama ndevu. Asubuhi nikakuta majana meupe yametupwa kwenye ubao wa kutua, mengine yameshaanza kuwa na macho, na nyuki vibarua bado wanayaburuta nje moja moja. Nilisimama pale muda mrefu. Mzinga wa pili, dawa ile ile na siku ile ile, ulikuwa chini ya mti: nyuki wachache tu walitoka kupunga hewa.

Siku ya 14 niliondoa vipande. Kwenye mzinga wa juani hapakuwa na yai hata moja, na vibarua walikuwa wamejenga chemba za dharura za kulea malkia mpya. Malkia alikuwa amekufa. Aliyemrithi alianza kutaga katikati ya Septemba, kundi likaingia baridi likiwa dogo, na halikuvuka Januari. Wa kivulini uko hai mpaka leo.

Nilipopima tena nilipata utitiri 2 na 1. Dawa inaua varoa, hilo silipingi. Lakini joto likizidi inaua na nyuki, na pakiti ingepaswa kulisema hilo kwa herufi kubwa, pale mbele.

Kaka yangu wa Tabora ameniomba nimtumie. Nimemkatalia. Varoa alitambuliwa Kenya na Tanzania mwaka 2009, lakini nyuki wetu wa Afrika wanaishi naye bila dawa. Na jua la Oktoba la Tabora, hii asidi ingemmalizia majana kabla ya utitiri.

Mimi nitanunua tena. Kundi jipya nimeliweka kivulini, na vipande sivigusi mpaka utabiri unionyeshe siku 3 mfululizo zisizozidi nyuzi 25.